Mkono wa Barafu

Ukiisikiliza vizuri methali isemayo kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, utaona wahenga hawakusema mwenye pupa hali. Kula atakula, tena kabla ya wote. Atachuma papai lingali na utomvu, ataling'ata, uso utamkunjamana, na bado atakuapia kwamba linafaa. Kinachomponyoka ni ule utamu, ambao ungemjia wenyewe laiti angetulia. Na msidhani pupa ni ya tumbo tu. Iko pupa ya mikono, na iko pupa ya moyo, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu mwenye nayo hudhani kwamba anapenda. Kisa hiki ni cha mwanamke aliyekuwa nazo zote mbili, na mimi simcheki, maana sote tumewahi kufunua sufuria kabla ya wakati wake.

Mwanamke huyo alikuwa nesi katika chumba cha chanjo cha zahanati moja. Kilikuwa chumba kidogo chenye mizani ya watoto, kabati jeupe, na picha ya twiga iliyobandikwa ukutani ili watoto watazame huko badala ya kutazama sindano. Watu walimwita Nesi Chapchap, na hawakumwita hivyo kwa kumkejeli. Mtoto angali anakusanya pumzi ili alie, sindano imeshaingia, imeshatoka, pamba imewekwa na kadi imegongwa muhuri. Akina mama walikuwa radhi kupanga foleni hadi nje ya mlango wake, ilhali chumba cha pili kilikuwa kitupu na nesi wa huko anapiga miayo.

Ubaya ni kwamba wepesi huo hakuuvua pamoja na sare. Alikwenda nao nyumbani. Chai yake aliipua kabla haijachemka. Wali aliufunua mara kumi mpaka mvuke wote ukatoroka, kisha akashangaa kwa nini una kiini. Akiketi, goti lake lilicheza. Mwenzake wa mapokezi alizoea kumtania kwamba siku ya kiyama atafika kabla ya parapanda na kuuliza kwa nini wenzake wamechelewa.

Miezi minane kabla ya kisa hiki, Nesi aliolewa na fundi wa mafriji, mgane aliyefiwa na mkewe miaka minne nyuma na kuachiwa binti mmoja. Binti huyo aliitwa Kamanda. Jina hilo alipewa na baba yake tangu alipokuwa na miaka miwili, kwa sababu alikuwa akipanga viatu vya wageni mlangoni kwa mstari na kumkaripia aliyevaa vya kushoto kwanza. Sasa alikuwa anakaribia miaka kumi na mmoja, mtoto mtulivu, mwenye maneno machache, ambaye hakuwahi kumkosea adabu mama yake wa kambo hata siku moja. Kama angemkosea, labda ingekuwa nafuu.

Nesi alikuwa na hamu moja tu duniani, nayo ni kuitwa Mama. Si Mama Fulani, wala Mama Mdogo. Mama. Hamu hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki ya kwanza ya ndoa alibadilisha mapazia ya chumba cha mtoto bila kumuuliza, akaweka mapya yenye maua, na Kamanda akashukuru, kisha akaenda kuyaokota yale ya zamani na kuyakunja chini ya mto wake. Wiki ya pili Nesi hakuweza kuvumilia tena. Walikuwa mezani, akamwambia mtoto kwamba kuanzia leo anaweza kumwita Mama, yeye hatakasirika. Kamanda alimeza tonge, akafikiri, akajibu kwamba atajaribu.

Tangu siku hiyo mtoto hakumwita Mama, na hakumwita Nesi pia. Alimwita Samahani. Samahani, chumvi iko wapi. Samahani, Baba amesema atachelewa. Mwezi mzima ulikwenda hivyo, kila samahani ikimchoma Nesi kuliko sindano zake zote, mpaka Kamanda alipochoka na kurudia Nesi kama watu wengine. Fundi aliyaona yote hayo na hakupenda kuingilia. Siku moja tu, akiwa amechuchumaa nyuma ya friji ya jirani na kukaza nati, alimwambia mkewe aliyemletea chai kwamba mtoto hana kinyongo naye, anakuja kwa mwendo wake. Alimwomba amwache afike.

Basi ikawa Jumatano, siku tatu kabla ya sikukuu ya kuzaliwa ya Kamanda. Nesi alikuwa jikoni akikata vitunguu. Mtoto aliingia ameshika karatasi iliyohifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani mbali na maji, akasimama. Nesi aliitambua kabla ya kuisoma. Marehemu alikuwa akimfanyia bintiye sherehe ya mizuka kila mwaka: mashuka meupe yenye matundu ya macho, popo wa karatasi nyeusi wakining'inia kwenye kamba, na katikati ya meza sufuria kubwa ya sharubati nyekundu kama damu, isiyo na tone la kileo, ambayo watoto waliichota kwa upawa huku wakipiga mayowe. Tangu msiba, sherehe haikufanyika tena. Na karatasi ile ilikuwa na mapishi ya sharubati, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe.

"Nimewaalika wenzangu wanane," Kamanda alisema. "Jumamosi saa tisa. Nilikuwa naomba tuipike pamoja."

Nesi alitua kisu. Machozi yalimtoka, akayasingizia vitunguu, na mtoto akayakubali hivyo hivyo.

Walisoma karatasi pamoja, vichwa vimekaribiana. Juisi ya komamanga, ya nanasi na ya chungwa. Tangawizi, mdalasini na sukari vichemshwe, vipoe usiku kucha. Zabibu zimenywe ngozi moja moja ziwe macho ya kuelea. Soda imiminwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshika vikombe, ili povu lipande mbele yao. Na juu ya yote, mkono. Mkono ulitengenezwa kwa kujaza glavu mpya, iliyosafishwa vizuri, kwa juisi ya komamanga, kuifunga kifundoni na kuilaza kwenye friza kwa siku mbili na nusu. Ikishaganda, glavu inachanwa, na mkono mwekundu wa barafu unaelea kwenye sufuria kama unaomba kuokolewa. Chini ya karatasi kulikuwa na neno moja limepigiwa mistari miwili: Usichungulie.

Kamanda alieleza kwamba neno lile aliandikiwa Baba, maana Baba alikuwa anachungulia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa amri ya mwisho, kwamba vingine vyote vikikosekana si neno, lakini bila mkono hiyo itakuwa juisi tu.

Jioni ile ile walijaza glavu. Nesi alikuwa amepitia duka la dawa na kurudi mbio na pakiti nzima. Kamanda aliushika mdomo wa glavu kwa mikono miwili, Nesi akamimina, na vidole vikatuna kimoja baada ya kingine mpaka mkono ukawa mzito na wa kutisha kweli. Kidole kidogo kilijaa kikapinda. Mtoto alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Nesi kumsikia akicheka bila kuuziba mdomo, na moyo wake ukaruka mbele peke yake, ukafika Jumamosi, ukamwona Kamanda akiwaambia wenzake wanane kwamba sharubati hii imepikwa na Mama. Siku tatu zilizobaki akaziona ndefu kama mwaka wa njaa.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu friza ile. Mganga hajigangi, na fundi wa mafriji naye ndiye mwenye friji mbovu kuliko zote mtaani. Mpira wa mlango wa friza ulikuwa umelegea tangu enzi za marehemu, na kila wiki Fundi aliahidi kuubadilisha. Mpaka hapo dawa yake ilikuwa kiti cha mbao kilichoegemezwa mlangoni ili usiachie. Ukitaka kufungua, unavuta kiti. Na kiti chenyewe kilikuwa na mguu mmoja uliolia sakafuni, kriii, sauti iliyosikika mpaka chumba cha mwisho.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Nesi alivuta kiti. Alitaka tu kuona. Glavu ilikuwa imelala kama ilivyolazwa, bado laini. Aliibonyeza kwa kidole, akaifunga friza, akaenda. Mchana, wakati wenzake wanakula, alikatiza barabara mbili mpaka nyumbani, akavuta kiti, akabonyeza tena, akaihamishia glavu upande aliouona una baridi zaidi. Jioni alivuta kiti mara tatu, mara ya mwisho kwa kisingizio cha kutafuta njegere, na njegere zenyewe hawakuwa nazo. Kila alipofungua, ule ukungu mweupe ulitoka ukampiga usoni, akauona mzuri. Hakufikiri kwamba ukungu ule ndio baridi yenyewe inaondoka.

Fundi alirudi, akaweka kiganja kwenye mlango wa friza kama daktari anayepima homa, akajua. Alimketisha mkewe. Alimwambia kwamba mlango ukifunguliwa, friza hii chakavu inahitaji saa nzima kurudi ilikokuwa, na kwamba barafu haina mkataba na mtu yeyote. "Wewe una mgonjwa amelala," alisema, "na kila dakika unamwamsha kumuuliza kama amepata usingizi." Nesi alicheka, akaona haya, akaahidi kuacha. Nadhani aliahidi kwa dhati. Lakini mikono ilikuwa na ahadi zake.

Kamanda naye alikuwa na kazi yake. Tangu Alhamisi alikaa mezani na kadi ngumu na kalamu za rangi akitengeneza vibao vya kuweka kwenye meza ya sherehe. Kimoja kilisema Makaburi, hicho cha biskuti. Kingine kilisema Usiguse, hicho cha mlango wa baba yake. Kimoja alikiandika muda mrefu kuliko vyote, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na Nesi alipopita nyuma yake akinyoosha shingo, mtoto alikifunika kwa kiwiko.

"Usichungulie," alisema, na alikuwa anatabasamu.

Mtu mwingine angelishika tabasamu lile, akalitia mfukoni na kulala nalo. Nesi alilihesabu kuwa ni mlango uliofunguka nusu, naye milango iliyofunguka nusu hakuijua ila kwa kuisukuma. Alimuuliza mtoto kama kwenye kibao kile kuna jina lake. Akamuuliza limeandikwaje. Kamanda alikusanya kadi zake taratibu, akasema ni saa ya kuoga.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Kazini alimchanja mtoto mmoja kisha akaanza kumfunga pamba mama yake. Mwenzake wa mapokezi alimuuliza kama anategemea wageni au polisi. Nyumbani, yeye na Kamanda waliketi kumenya zabibu, na hapo ungeona tofauti yao. Kamanda alichanja ngozi kwa ukucha, akaivuta polepole, zabibu ikabaki nzima, inang'aa, jicho kabisa. Alimenya arobaini. Nesi alimenya tatu, zote zikapasuka, akazila. Kisha akainuka, na mguu wa kiti ukalia jikoni. Glavu sasa ilikuwa na ganda gumu nje, vidole vimeganda kabisa, lakini kiganja kikibonyezwa kilidunda kidogo. Aliporudi mezani, Kamanda hakuinua macho. Aliendelea na zabibu yake, na pembe ya mdomo wake ilikuwa imepanda juu kidogo.

Jumamosi ikafika. Popo walikuwa wameshaning'inia sebuleni, mashuka yamekunjwa tayari, viungo vimepoa na kuchujwa, juisi zote ziko kwenye sufuria kubwa. Saa sita mchana Fundi na bintiye walitoka kwenda kuchukua keki. Mlangoni Kamanda aligeuka akasema kwamba wakirudi, mkono watautoa pamoja, yeye atashika mkasi. Nesi alijibu kwamba bila shaka, akawapungia mkono hadi wakakata kona.

Akabaki peke yake na nyumba. Alifagia palipofagiliwa. Alipanga vikombe kwa mstari, akavipanga kwa duara, akavirudisha kwenye mstari. Alikwenda dirishani. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa sita na dakika kumi. Ndipo wazo likamjia, na lilikuja limevaa nguo za upendo kama kawaida ya mawazo ya namna hiyo. Vipi kama mtoto akirudi na kukuta mkono tayari unaelea? Vipi kama akifungua mlango tu na kuuona? Angefurahi kiasi gani, na furaha ikimjaa mtu, neno humtoka lenyewe. Nesi aliliona neno hilo. Alilisikia. Kiti kikalia, glavu ikawa mezani, na mkasi wa bendeji uliotoka kwenye mkoba wake wa kazi ukaingia kifundoni, chap, kama anavyofanya kila siku.

Nje ilikuwa barafu na ndani ilikuwa juisi. Kiganja kilipasuka na komamanga ikamwagika mezani, ikateremka kwenye gauni lake, ikaenea sakafuni mpaka chini ya jiko. Vidole, ambavyo ndivyo pekee vilivyoganda, vilikatika kwenye mizizi na kuteleza huku na huko. Kimoja kiliingia chini ya kabati. Nesi alipiga magoti kukitafuta, akakinyanyua, akajaribu kukirudisha kwenye glavu iliyochanika, kana kwamba mkono wa barafu unaweza kushonwa. Alikuwa bado amekishika waliporudi. Keki ilikuwa karibu, mtaa wa pili tu, na hilo alilijua.

Fundi alisimama mlangoni na boksi la keki. Kamanda aliangalia sakafu, akaangalia gauni, akaangalia kiti kilichosogezwa. Hakulia. Alivua viatu, akaingia kwenye maji mekundu kwa miguu mitupu, akaokota vidole kimoja kimoja, akavisuuza kwa maji ya kunywa na kuvihesabu. Vilikuwa vinne. Gumba lilikuwa limevunjika. Alivitia kwenye bakuli, akavirudisha friza, akaegemeza kiti.

"Vidole vitupu vinatisha pia," alisema polepole, zaidi kwa nafsi yake. "Watadhani vimekatwa."

Angalia hapo, msomaji. Mtoto alikuwa ameanza kuushona mwenyewe ule mchana uliochanika, na alikuwa anaushona vizuri. Nesi angechukua tambara akapiga deki. Angenyamaza. Fundi alimtazama kwa macho ya kumwomba anyamaze. Lakini ukimya ule ulimwasha Nesi kama upupu, hakuweza kukaa ndani yake hata nusu dakika. Alimshika mtoto mabega, magoti yake yakiwa kwenye juisi, akamwambia kwamba alifanya kwa ajili yake, kwamba friza ni mbovu, kwamba alitaka kumfurahisha. Kamanda alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Hata hilo halikumtosha.

"Sema umenisamehe," Nesi alimwambia. "Sema, nimekusamehe, Mama. Mara moja tu, nisikie."

Kamanda alimtazama. Mtu angesema anatafuta kitu usoni mwake.

"Nimekusamehe, Nesi," alisema. Akajitoa mikononi mwake bila nguvu, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu.

Sherehe ilifana. Sitaki kudanganya kwamba haikufana. Mizuka minane ilifika saa tisa kamili na mashuka yao, mmoja akiwa amekanyaga lake na kuingia kwa kuanguka. Kamanda alitoka chumbani amejipaka unga usoni, akapanga vibao vyake, akawa mwenyeji kama alivyofundishwa. Wageni waliposhika vikombe, Nesi alimimina soda, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliimimina kwa wakati wake. Povu la pinki lilipanda hadi ukingoni, macho arobaini yakaibuka, na vidole vinne vyekundu vikazunguka katikati vikitafuta mkono wao. Watoto walipiga mayowe mpaka jirani akachungulia ukutani. Walirudia mara mbili, mara tatu, wakigombea nani apewe kidole.

Mzuka mmoja mnene, akiwa na masharubu mekundu ya sharubati, aliuliza nani kapika kitu kitamu namna hii. Nesi alikuwa amesimama hatua mbili tu, upawa mkononi, pumzi imesimama.

"Imeandikwa hapo," Kamanda alimjibu, akaelekeza kidole.

Nesi alisoma kibao mbele ya sufuria. Mwandiko ulikuwa mzuri lakini wa haraka, rangi moja tu. Sharubati ya Mizuka, kilisema. Mpishi: Nesi. Hakukuwa na uongo hata kidogo ndani yake, wala tusi, wala hasira. Alitabasamu kwa mzuka mnene, akamwongezea kikombe.

Saa kumi na mbili wageni walikuwa wameondoka na jua lilikuwa bado kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Kamanda alikuwa chumbani kwake. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya friza, hatimaye anabadilisha ule mpira wa mlango, kazi ambayo ilimchukua robo saa baada ya miaka minne na zaidi ya ahadi. Nesi alikuwa anakusanya takataka. Alifungua pipa ili azishindilie, na juu kabisa, juu ya maganda ya zabibu ya jana, juu hata ya glavu iliyochanika ya mchana, aliona kadi ngumu imekunjwa mara mbili. Aliikunjua.

Ilikuwa imechorwa kwa rangi zote. Pembeni kulikuwa na mkono mwekundu, kidole kidogo kimepinda vile vile kilivyopinda Jumatano. Herufi zilikuwa zimepigwa kwanza kwa penseli, kisha kwa kalamu, kisha zikazungushiwa njano.

*Sharubati ya Mizuka. Mapishi ni ya mama yangu wa kwanza. Mpishi ni mama yangu wa pili.*

Alikaa kwenye kiti cha mbao, kile kile. Fundi aligeuka, akaiona kadi, akaweka bisibisi chini. Alimweleza kwamba mtoto alikiandika kibao kile Alhamisi na kumwonyesha yeye peke yake, akamwapisha asiseme. Kuhusu friza, Kamanda alijua tangu mwanzo. Chumba chake kimepakana na jikoni na kila mlio wa kiti aliusikia. "Aliniambia, Baba, anachungulia kama wewe," Fundi alisema. "Akacheka mpaka akajifunika shuka. Hakukasirika hata kidogo. Na leo alipookota vile vidole kadi ilikuwa bado mezani kwake."

Nesi alielewa. Si barafu iliyomponza. Kwa barafu alikuwa ameshasamehewa kabla hata haijapasuka. Neno alilokuwa akilitafuta kwa miezi minane lilikuwa limeshaandikwa, limezungushiwa njano, linangoja saa tisa alasiri, na yeye alilidai saa sita na nusu, akiwa amepiga magoti juu ya juisi. Akainuka ghafla. Miguu ilimfikisha mlangoni kwa Kamanda kabla hajaamua kwenda. Kadi ilikuwa mkononi, ngumi imeshainuliwa kugonga. Ndani alisikia karatasi zikipangwa taratibu. Mwili wake wote, kila mshipa, ulimwambia gonga, mwambie umeiona, mwambie airudishe.

Ngumi ilikaa hewani muda mrefu. Kisha aliishusha. Alirudi jikoni kwa ncha za vidole, akaipangusa kadi, akaifutika kwenye mfuko wa sare yake ya kazi, mahali ambapo hakuna mtu angechungulia.

Sufuria kubwa ilikuwa bado mezani. Ndani yake kulikuwa na kikombe kimoja cha sharubati kilichobaki. Vidole vilikuwa vimeyeyuka, soda imekata, jicho moja tu la zabibu limelala kwenye kitako. Nesi alijimiminia akaonja. Ilikuwa vuguvugu na imepooza, utamu wake umekwisha. Siku nzima, katika kuhangaika kwake, hakuwa ameonja hata tone wakati ikiwa tamu na povu lake limepanda, wakati watoto wanane waliigombea. Aliinywa yote, kidogo kidogo, bila haraka, akiutazama mlango wa friza uliofungwa barabara kwa mpira mpya. Naam, waliosema walisema kweli: mwenye pupa hadiriki kula tamu.